Nyasi Chotara Zitokazo Chupani

Nyasi chotara nyingi hazina mbegu. Nyasi ya Guatemala inayopandwa kwenye makingamaji ya mashamba ya mlimani Kasulu, mkoani Kigoma, miwa inayostawi mabondeni Kibondo, na yale mabingobingo mapya yanayouzwa kwa jina la Super Napier, yote yana tabia moja: huenezwa kwa kukata pingili au kupasua kisiki. Anayetaka punje ya kusia ataingoja mpaka achoke. Ama haipo kabisa, ama ipo kidogo na haioti, ama inaota lakini mtoto hafanani na mzazi.

Sababu ya utasa huo inapatikana katika hesabu ya kromosomu, vile vijinyuzi vinavyobeba jeni ndani ya kila seli. Mabingobingo ya kawaida, ambayo vitabuni huitwa majani ya tembo, yana kromosomu 28. Uwele, nafaka inayolimwa Dodoma na Singida, una 14. Mimea hii miwili ni ndugu wa karibu, na chavua ya mmoja inaweza kumrutubisha mwingine. Kila mzazi hutoa nusu ya alicho nacho: mabingobingo 14, uwele 7. Mtoto anapata 21. Seli za jani, shina na mizizi hazisumbuliwi na namba hiyo hata kidogo, na ndiyo maana chotara huyu hukua kwa nguvu, akapata wingi wa majani kutoka kwa mabingobingo na ulaini wa uwele. Taabu huja wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kwa kuwa kromosomu sharti zijipange mbili mbili kabla ya kugawana. Saba za uwele hupata wenza kati ya zile za mabingobingo. Saba zinazobaki husimama peke yao. Mgawanyo unavurugika, chavua inakufa, mbegu haiji.

Guatemala ana hesabu ya ajabu zaidi. Ana kromosomu 64, na waliozichunguza walifikia uamuzi kwamba 54 ni za ukoo wa nyasi za tripsakumu na 10 ni za jamaa wa porini wa mahindi. Yaani nyasi inayozuia udongo usiteremke mtoni Kasulu ni binamu wa mahindi yaliyo juu yake kwenye shamba lilelile. Muwa wa kisasa umezidi wote: una kromosomu kati ya 100 na 130, nyingi zikitoka kwa muwa mnene wenye sukari na chache kwa muwa mwitu wenye ukakamavu, matokeo ya uzalishaji ulioanza Java na Coimbatore, India, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Aina ya NCo 376, ambayo kwa miaka mingi imelimwa katika mashamba makubwa ya miwa ya Tanzania, inabeba historia hiyo katika jina lake: mbegu yake ilipatikana Coimbatore, mchujo ukafanyiwa Natal, Afrika Kusini.

Kwa mfugaji utasa si hasara. Mmea usiopoteza nguvu kwenye mbegu huiweka kwenye majani, tena haugeuki gugu kwa kujisambaza shambani kwa jirani. Hasara yake iko kwenye uenezaji. Pingili ni nzito, hukauka njiani, na shina moja hutoa chache tu. Baya kuliko yote, pingili hubeba ugonjwa wa mama yake. Mwaka 1997, katika eneo la Bungoma, magharibi mwa Kenya, uliripotiwa ugonjwa wa kudumaa kwa mabingobingo. Shina likishakatwa, machipukizi mapya hutoka mengi lakini mafupi, ya manjano, yenye majani madogo kama ya nyasi za njiani, na baada ya mikato michache kisiki hufa. Kisababishi ni fitoplasma, kiumbe cha jamii ya bakteria kisicho na ukuta wa seli, kinachoishi ndani ya mishipa ya mmea. Watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe walikuja kumtambua mdudu anayekieneza, mrukaji mdogo wa majani aitwaye Maiestas banda. Lakini mdudu huyo hasafiri mbali kama anavyosafiri binadamu mwenye mzigo wa pingili nyuma ya baiskeli. Ugonjwa ulienea magharibi mwa Kenya na kuingia Uganda, na katika wilaya za mpakani kama Kasulu na Kibondo, ambako ndugu na biashara zinavuka kwenda Burundi na kurudi, pingili ya majani haiombwi hati ya kusafiria.

Hapo ndipo maabara inapoingia. Ukuzaji wa tishu ni kuotesha mmea mzima kutoka kipande kidogo cha mmea, ndani ya chupa safi, juu ya chakula kilichotengenezwa. Kazi yenyewe ni ya usafi kuliko ya miujiza. Kipande huoshwa kwa dawa ya klorini, vyombo na chakula hupikwa kwa mvuke wa shinikizo wenye nyuzijoto 121, na mikono hufanya kazi mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Chakula ni maji, sukari, chumvi za madini, vitamini, na agari ya kukigandisha. Mchanganyiko wa chumvi unaotumika mpaka leo katika maabara nyingi ulitangazwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, nao waliutafutia tumbaku. Wakazi wa Kigoma wanaoifahamu teknolojia hii wengi waliifahamu kupitia miche ya migomba. Ya nyasi hufuata kanuni zilezile, ila nyasi ni kaidi zaidi.

Kutoka hapo kuna njia mbili, na tofauti kati yake ndiyo inayoamua mambo yote yanayofuata.

Njia ya kwanza hutumia ncha ya chipukizi. Ndani ya kila chipukizi la bingobingo, chini ya majani machanga yaliyofumbatana, kuna kinundu kidogo cha seli ambacho kazi yake ni kuzalisha shina na majani. Kinundu hicho kikitolewa na kuwekwa kwenye chakula chenye homoni kidogo, huendelea na kazi ileile kiliyokuwa kikiifanya shambani: hutoa chipukizi, chipukizi hutoa vichipukizi vya pembeni, navyo hutenganishwa kila baada ya wiki nne hivi na kuhamishiwa chupa nyingine. Mpango wa mwili wa mmea hauvunjwi. Ncha hiyo pia mara nyingi huwa haina virusi wala fitoplasma, kwa sababu mishipa inayobeba magonjwa bado haijaifikia. Wafaransa Morel na Martin walilionyesha jambo hilo kwa maua ya dalia mwaka 1952. Kwa hiyo njia ya kwanza husafisha na kuongeza kwa pamoja.

Njia ya pili huuvunja mpango. Kipande cha jani changa, cha suke ambalo bado halijachomoza, au cha kiinitete kichanga huwekwa kwenye chakula chenye 2,4-D. Hiyo ni kemikali ileile inayouzwa katika maduka ya pembejeo kama dawa ya kuua magugu ya majani mapana, safari hii ikiwekwa kwa kiasi cha miligramu chache tu katika lita. Seli zinasahau kwamba zilikuwa jani. Zinagawanyika ovyo mpaka ziwe uvimbe usio na umbo, unaoitwa kalusi. Kalusi nyingine ni laini na za majimaji, hazina faida. Nyingine ni nyeupe, ngumu, zenye vinundu, na hizo zikihamishiwa kwenye chakula kisicho na 2,4-D huunda viinitete mfano wa vile vya ndani ya mbegu, ingawa hakuna chavua wala yai lililohusika. Viinitete huota, na mche unapatikana. Chupa moja ya kalusi inaweza kutoa mamia ya miche. Ni wingi wa kutamanisha, na ndipo penye mtego.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba nyasi haziwezi kurudishwa kuwa mmea kutoka kalusi. Miwa ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukanusha. Mwaka 1969 Heinz na Mee, waliokuwa wakifanya kazi kwa chama cha wakulima wa miwa cha Hawaii, walieleza jinsi walivyopata miche ya miwa kutoka kalusi, na miaka miwili baadaye wakatangaza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: miche hiyo haikufanana. Ilitofautiana kwa umbo, kwa vimeng'enya, na kwa idadi ya kromosomu, wakati mwingine ndani ya mmea mmoja. Mwaka 1975 Green na Phillips wa Minnesota walifanikiwa kwa mahindi. Mwaka huohuo, huko Carlow nchini Ireland, mtafiti Ahloowalia alitoa taarifa ya kuotesha nyasi za malisho za jamii ya raigrasi kwa njia ya tishu.

Kazi ya Carlow inastahili kuangaliwa kwa makini kidogo, kwa sababu chotara wake alikuwa na kromosomu 21, sawasawa na chotara wa mabingobingo na uwele. Raigrasi ya Italia na raigrasi ya kudumu zote kwa asili zina 14. Moja ikiwa imeongezwa kufikia 28, kisha ikachanganywa na nyingine yenye 14, mtoto hubaki na 21 na utasa uleule. Kutoka kalusi ya chotara huyo ilipatikana miche mingi, na taarifa ya mwaka 1983 ikaeleza upana wa tofauti zake: mirefu na mifupi, yenye majani mapana na yenye membamba, yenye machipukizi mengi na yenye machache, pamoja na miche myeupe kabisa isiyo na rangi ya kijani, ambayo hufa akiba yake ya chakula inapokwisha. Mmea ambao haukuwa na njia ya kuzaa watoto tofauti, kwa kuwa hauzai kabisa, ulikuwa umetoa ukoo mzima wa sura mbalimbali bila ua hata moja kufunguka.

Mwaka 1981 Larkin na Scowcroft, huko Canberra, Australia, walikusanya taarifa za namna hiyo kutoka mazao mengi na kulipa jambo hilo jina ambalo limebaki: mageuko ya somakloni, yaani tofauti zinazojitokeza kati ya mimea iliyooteshwa kutoka seli za mwili. Wao waliyaona kuwa hazina kwa wazalishaji wa mbegu. Kundi la Vasil, huko Florida, lililofanya kazi kubwa juu ya uwele, mabingobingo na chotara wao katika miaka ya 1980, lilikuja na sauti ya tahadhari kutoka upande mwingine: kalusi inayotoa viinitete, ikitumiwa ingali changa, hutoa nyasi zilizo karibu sana na mama yao, kwa kuwa seli zilizoharibika hazina uwezo wa kuunda kiinitete. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Ugomvi unapungua mtu akiuliza kalusi ilikuwa ya namna gani, ya umri gani, na ilikaa kwenye 2,4-D kwa muda gani.

Tofauti hizo zinatoka wapi? Sehemu yake ilikuwapo tangu shambani. Mmea unaoenezwa kwa pingili kwa miongo mingi hukusanya kasoro ndogo katika seli zake, na shina zima huzificha kwa sababu seli nzima ni nyingi. Maabara ikichukua seli moja na kuifanya mmea, kasoro iliyofichika inapata mwili wake.

Sehemu nyingine huzaliwa chupani. Seli zinazogawanyika haraka chini ya homoni hukosea kugawana kromosomu: moja inapata zaidi, nyingine pungufu, au kromosomu zote zinajirudufu bila seli kugawanyika. Vipande vya kromosomu hukatika na kuungana mahali pasipo pake. Chotara yuko hatarini kuliko mmea safi, kwa kuwa ndani yake kuna seti zilizotoka koo mbili, na kila ukoo una mwendo wake wa kunakili.

Kisha kuna jeni zinazohama. Barbara McClintock, Mmarekani aliyeyagundua mambo haya katika mahindi kwenye miaka ya 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, alionyesha kwamba baadhi ya vipande vya vinasaba hujing'oa mahali pake na kwenda kujipachika kwingine. Katika hotuba yake ya kupokea tuzo aliyataja makuzi ya tishu na uchotara wa koo za mbali kuwa ni mishtuko inayoweza kuviamsha vipande vilivyolala. Haikupita miaka mingi akathibitishwa. Mwaka 1987 watafiti wa Minnesota walikuta kipande kimoja cha aina hiyo kimeamka katika mahindi yaliyotoka kalusi. Mwaka 1996 Wajapani wakaja na mfano ulio bayana kuliko yote, wa mpunga. Kipande kiitwacho Tos17 kipo mara mbili tu katika aina ya Nipponbare. Kalusi ikikuzwa kwa muda mrefu kinajinakili, na katika mimea iliyooteshwa kutoka humo zilikutwa nakala mpya kati ya 5 na 30, nyingine zikiwa zimejipachika katikati ya jeni na kuzivunja. Mmea ulipokwisha kuota, Tos17 ilirudi kulala, lakini nakala zilibaki zilipo. Nyasi ya chotara iliyopitishwa kwenye kalusi imepata mishtuko miwili, wa kuchanganywa na wa kuvunjwavunjwa.

Mwisho kuna mabadiliko ambayo hayagusi herufi za vinasaba. Juu ya vinasaba huwekwa alama za kemikali, vikundi vya methili, zinazoiambia seli jeni ipi ifungwe na ipi iachwe wazi. Chupani alama hizo hupotea au huwekwa pasipo pake. Kwa jambo hili Kigoma ina mfano wa karibu kuliko nyasi yoyote, nao ni mchikichi. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga huzalisha mbegu za tenera, chotara wa aina za dura na pisifera, kwa kuchavusha kwa mkono. Nchi nyingine, hasa Malaysia, zilijaribu kuiruka kazi hiyo kwa kunakili michikichi bora kupitia kalusi. Miche ilikuwa mizuri, ikapandwa. Ilipofikia kuzaa miaka kadhaa baadaye, baadhi ikatoa matunda yenye vifuniko vya nyama pembeni, yasiyokamuliwa mafuta ya maana. Hapo miaka ya 1980 ilikuwa imefika, na sababu ilikuja kujulikana mwaka 2015 tu: kipande kinachohama kiitwacho Karma, kilichotulia ndani ya jeni inayoongoza ua, kilikuwa kimepoteza alama zake za methili. Herufi zote zilikuwa sahihi. Kilichopotea ni kufuli. Mkulima wa mchikichi hulipa kosa hilo kwa miaka ya kusubiri. Mfugaji wa nyasi ana bahati kwamba yeye huvuna majani, na dosari yake huonekana ndani ya mikato miwili au mitatu.

Si kila tofauti inayoonekana ni ya kudumu, na hapa ndipo watu wengi, wataalamu wakiwamo, wamewahi kudanganyika. Mche uliotoka chupani karibuni huwa na majani laini yasiyo na nta ya kutosha, mizizi mifupi, na machipukizi mengi kupita kawaida kwa sababu ya mabaki ya homoni. Mabingobingo yakionekana na machipukizi mengi ajabu katika mwezi wa kwanza si aina mpya; yamekunywa homoni. Kipimo cha haki ni kukata, kuacha yachipue, kukata tena, kisha kuchukua pingili za kizazi hicho na kuzipanda kando ya pingili za mama asiyepitia maabara. Tabia ikidumu katika pingili za pingili, ndipo inapoweza kuitwa mageuko ya somakloni. Maabara zenye uwezo huongeza kuhesabu kromosomu kwenye ncha za mizizi na kulinganisha alama za vinasaba, lakini hakuna mashine inayochukua nafasi ya shamba la majaribio lenye misimu miwili.

Faida zilizopatikana kwa njia hii ni za kweli ila ni chache kuliko ahadi. Huko Fiji, katika miaka ya 1970, muwa wa Pindar uliokuwa ukiangamizwa na ugonjwa wa virusi unaobeba jina la nchi hiyo ulipitishwa kwenye kalusi, na baadhi ya miche iliyotoka ikawa na ukinzani. Mojawapo, iliyopewa jina Ono, ikafikia kupewa wakulima. Nchi nyingine zilipojaribu zilipata miwa mingi iliyodumaa na michache iliyolingana na mama. Kanuni ya kawaida inafanya kazi hapa: aina nzuri imefika ilipo kwa mchujo mrefu, na badiliko la kubahatisha lina nafasi kubwa ya kuiharibu kuliko kuiboresha.

Kwa nyasi tasa, hata hivyo, kuna faida moja ambayo haipatikani kirahisi kwingine. Kromosomu 21 zikijirudufu kuwa 42, kila moja inapata mwenza. Chavua inakuwa hai na chotara anaanza kutoa mbegu, yaani mlango wa uzalishaji uliokuwa umefungwa unafunguka. Kujirudufu huko hutokea kwenyewe katika kalusi, na pia husababishwa kwa makusudi kwa dawa ya kolchisini. Historia ya nyasi za brakiaria inaonyesha thamani yake. Nyasi hizo ni za Afrika Mashariki kwa asili, zikapelekwa Amerika ya Kusini zikafunika mamilioni ya hekta, lakini aina zake bora zilizaa mbegu bila yai kurutubishwa, kila mtoto akiwa nakala ya mama, kwa hiyo hazikuchanganyika. Jamaa yao aitwaye ruzizi, ambaye jina lake linatokana na bonde la mto unaoingia Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini, si mbali na Kigoma yenyewe, alikuwa anazaa kwa yai kurutubishwa lakini ana kromosomu 18 tu, dhidi ya 36 za wenzake. Wanasayansi wa Ubelgiji walimrudufu kwa kolchisini akafikia 36, na kituo cha CIAT cha Colombia kikamtumia kama mama kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Aina za Mulato na Mulato II zilizaliwa kutokana na kazi hiyo. Mulato II sasa imerudi Afrika Mashariki na icipe huipanda kuzunguka mahindi ili kumvuta nondo wa mabua atoke shambani, huku mmea wa desmodiamu ukipandwa katikati ya mistari. Nyasi iliyozaliwa kando ya Tanganyika imezunguka dunia ikarudi ikiwa chotara.

Jambo moja huleta maswali katika mikutano ya vijiji na linahitaji jibu fupi. Miche ya tishu siyo mimea iliyobadilishwa vinasaba kwa kupandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Hakuna kinachoingizwa. Mabadiliko yanayotokea ni ya namna ileile inayotokea polepole shambani, ila chupa huyaharakisha. Ng'ombe anayekula bingobingo la chupani anakula bingobingo.

Kwa Kasulu na Kibondo hesabu inakuwa hivi. Nyanda hizi hupata mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, kisha kiangazi kikavu cha kama miezi minne. Maabara za tishu za serikali na vyuo ziko mbali, Mikocheni jijini Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro miongoni mwao, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mche wa chupani unaotoka huko ni dhaifu mbele ya jua na upepo. Unahitaji wiki kadhaa chini ya kivuli na unyevu kabla ya kuhamishiwa shambani, na ukifika Mei umechelewa. Kwa hiyo si busara kumpa kila mfugaji miche ya chupani mkononi. Inatosha miche michache, iliyotoka kwenye ncha za chipukizi na kupimwa kuwa haina fitoplasma, ifike mwanzoni mwa mvua katika kitalu kimoja cha kata chini ya uangalizi wa afisa ugani. Baada ya msimu mmoja kitalu hicho kitatoa pingili kwa maelfu, na pingili ni teknolojia ambayo kila mtu wa hapa anaijua tangu utotoni. Hupandwa nafasi ya mita moja kwa nusu mita, huwekewa samadi, na majani hukatwa yanapofika urefu wa mita moja hivi. Maabara ifanye usafi, shamba lifanye wingi.

Njia ya kalusi ibaki mikononi mwa wazalishaji wa aina mpya, wenye muda wa kutupa miche mingi ili kupata mmoja wa maana, na wenye wajibu wa kuupeleka mmoja huo kwenye majaribio ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kabla haujapewa jina. Anayeleta miche ya nyasi Kasulu au Kibondo na kuahidi mavuno makubwa aulizwe maswali matatu: ilitoka kwenye ncha au kwenye kalusi, ilihamishwa chupa mara ngapi, na mama yake yuko wapi ili ilinganishwe naye. Mara ngapi, kwa sababu kila uhamisho huongeza nafasi ya kukosea, hata katika njia ya ncha. Mfugaji asiyepata majibu apande mstari mmoja tu kando ya mabingobingo yake ya zamani, aukate mara tatu, na asing'oe ya zamani kabla ya kuona.